Majina ya Fedha Ndogo: Kutoka Pesa ya Barghash hadi Satoshi

Tarehe 12 Novemba 2025, kiwanda cha sarafu cha serikali ya Marekani huko Philadelphia kilipiga peni ya mwisho ya matumizi ya kawaida. Sarafu hiyo ya senti moja ilianza kutengenezwa huko huko mwaka 1793, na kilichoimaliza ni hesabu: katika mwaka wa fedha wa 2024, kutengeneza sarafu moja ya senti moja kuligharimu karibu senti nne. Kwa wenye maduka wa Crystal, mji wa wakazi wapatao 23,000 ulio kaskazini magharibi mwa Minneapolis katika jimbo la Minnesota, maana yake ni kwamba peni zikizidi kuadimika, chenji ya taslimu itaishia kwenye senti tano. Lakini ukitazama majina, historia ya sarafu hiyo inafundisha zaidi ya gharama zake. Sheria ya sarafu ya mwaka 1792 ilitaja vigawanyo vitatu vya dola: sehemu ya kumi, sehemu ya mia na sehemu ya elfu. Sehemu ya mia iliitwa senti, na wananchi wakaendelea kuiita peni, jina walilolirithi kwa Waingereza. Sehemu ya kumi ilishika mizizi kwa jina la dime. Sehemu ya elfu, iliyoitwa mil, haikupigwa sarafu kamwe. Mpaka leo vituo vya mafuta huko Crystal, kama kwingine Marekani, huandika bei inayomalizikia na sehemu tisa za kumi za senti, yaani mil tisa kamili, na hakuna dereva anayezitaja kwa jina hilo. Nayo sarafu ya senti tano inaitwa nickel, jina ambalo watu walilitoa kwenye madini yaliyoanza kutumiwa kuitengeneza mwaka 1866.

Majina hayo yanaibua swali ambalo sasa linarudi kwa nguvu kwa sababu ya sarafu za kidijitali: ni nani anayekipa jina kipande kidogo cha fedha, na kwa nini jina moja hushika na jingine likapotea? Bitcoin ilipozinduliwa mwaka 2009 kila moja iligawanywa katika sehemu milioni mia, na tangu hapo watumiaji wake wamekuwa wakibishana juu ya majina ya vipande hivyo. Mjadala huo kwa kawaida huendeshwa kana kwamba ni jambo jipya la wahandisi. Si jipya, na pwani ya Afrika Mashariki ina ushahidi wake kwa wingi kuliko sehemu nyingi za dunia, kwa kuwa katika muda wa miaka mia hivi watu wake walibadilishiwa mfumo wa fedha mara nyingi na kila mara wakalazimika kuamua vipande vidogo waviiteje. Ninachokusudia kuonyesha ni kwamba jina la fedha ndogo huthibitishwa na yule anayeihitaji kila siku, si na yule anayeitoa. Kwamba jina hilo dogo mara nyingi hupanda likawa jina la fedha yote. Na kwamba kwa sababu hizo mbili kulichagua ni jambo la haki kwa wanunuzi wadogo.

Tuanze Zanzibar ya karne ya 19. Fedha kubwa ya biashara ilikuwa riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha iliyopigwa Vienna ikiwa na mwaka 1780 hata ilipotengenezwa miongo mingi baadaye. Ilikuwa na gramu 28 na ushee, ikatosha kulipia pembe za ndovu, karafuu na vitambaa vya jora zima. Haikumfaa mtu aliyetaka samaki wa mlo mmoja. Watu wa pwani waliyatatua mahesabu yao kwa kuigawa riale kwa nusu, na nusu ya nusu, kwa maneno waliyoyapata katika Kiarabu: nusu, robo, thumuni. Askofu Edward Steere, aliyeandika kitabu cha Kiswahili cha Unguja katika miaka ya 1870, aliorodhesha robo ya riale, thumuni ya riale, na kasorobo, yaani riale iliyopungua robo. Hesabu hiyo ya kukata katikati ilikuwa ndugu wa hesabu ya vipimo vya nafaka, ambamo vibaba viwili ni kisaga na visaga viwili ni pishi. Kila hatua ilikuwa na jina lake, na hapakuwa na hatua iliyoruka mbali kuliko mara mbili. Mnunuzi alijua kibaba kinalisha watu wangapi, akajua thumuni inanunua vibaba vingapi, na mazungumzo ya bei yakaenda bila karatasi.

Thumuni hata hivyo ilikuwa hesabu tu mpaka ipatikane sarafu ya kuilipa. Hapo ndipo ilipoingia pesa. Sarafu hiyo ya shaba ilitoka India, ambako 64 zake zilifanya rupia moja, na katika miaka ya 1840 Sayyid Said aliagiza shehena ya sarafu hizo ili soko la Unguja lipate chenji. Kwa kuwa riale ilikuwa fedha na pesa ilikuwa shaba, kiwango kati yao kilipanda na kushuka kwa kadiri shaba ilivyoadimika mjini, na wavunja fedha walipata faida yao katikati. Mwaka 1882, yaani 1299 Hijria, Sayyid Barghash alipiga sarafu zake mwenyewe, riale za fedha na pesa za shaba, na upande mmoja wa pesa hiyo akaweka mchoro wa mizani. Miaka sita baadaye Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilipiga za kwake zenye jina la Mombasa, nazo zikiwa na mizani, na mwaka 1890 kampuni ya Kijerumani ikaanza kutoa pesa za shaba zenye maandishi ya Kiarabu kwa ajili ya pwani ya Tanganyika. Wapinzani watatu wa kisiasa walikubaliana juu ya jambo moja, kwamba ukitaka sarafu yako ndogo ipokelewe sokoni uiite pesa. Jina hilo hilo lilivuka bahari pande zote. Oman hadi leo inaigawa riali moja katika baisa 1,000, na Italia ilipotengeneza sarafu za Somalia kuanzia mwaka 1909 iliziita bese, mia moja kwa rupia. Wasomali wa Minneapolis, jamii kubwa kuliko zote za Wasomali nchini Marekani, na Wazanzibari wa Muscat wanashiriki historia ya sarafu moja ya shaba.

Wajerumani ndio waliotoa jaribio la wazi zaidi la kubadili jina kwa amri. Mwaka 1904 serikali yao ya kikoloni iliachana na pesa 64 na kuigawa rupia katika sehemu mia, kila moja ikiitwa heller, jina la sarafu ndogo ya Ulaya ya kati. Sarafu za nusu, moja, tano na kumi zilipigwa, na vita vilipowakata na bahari, karakana ya reli ya Tabora ikatengeneza heller 20 za dharura mwaka 1916. Utawala huo ulikwisha muda mfupi baadaye na sarafu zake zikafutwa. Neno lilibaki, lakini lilibaki likiwa hela, na maana yake haikuwa tena sehemu ya mia ya rupia. Kwa Mtanzania hela ni fedha yoyote, ya kiasi chochote. Njia hiyo ndiyo iliyopitwa na pesa, iliyoanza ikiwa sehemu ya 64 ya rupia na kuishia kuwa jina la fedha yote nchini Kenya na Tanzania. Ndiyo iliyopitwa pia na senti iliyoletwa na Waingereza, ambayo katika Kiganda ni ssente, na ssente ni fedha. Kabla yake Waganda walihesabu kwa kauri, ensimbi, na neno hilo nalo hadi leo linamaanisha fedha. Rupia, fedha kubwa iliyotawala nchi zote tatu, haikuachia Kiswahili wala Kiganda jina la kila siku la fedha kwa jumla. Shilingi imebaki kuwa jina la kipimo chake tu. Vilivyopanda ni vipande vya chini kabisa.

Kupanda huko kuna sababu inayoeleweka. Mtu hutaja mara nyingi zaidi kile anachokihesabu mara nyingi zaidi, na kwa mkulima, mchukuzi, muuza ndizi na mama wa nyumbani, kilichohesabiwa kila siku ni shaba. Rupia ilionekana siku ya mshahara au siku ya kodi. Kuuliza kama mtu ana fedha kulikuwa kuuliza kama ana pesa mfukoni, kwa kuwa pesa ndiyo iliyokuwa na uwezekano wa kuwamo. Wachumi wawili, Thomas Sargent aliyefundisha Chuo Kikuu cha Minnesota kwa miaka mingi na François Velde, waliandika mwaka 2002 kitabu kizima juu ya jinsi falme za Ulaya zilivyoshindwa kwa karne nyingi kuhakikisha kuna sarafu ndogo za kutosha. Chanzo kimojawapo cha tatizo ni kwamba sarafu ndogo hugharimu sana kuitengeneza ukilinganisha na thamani yake, kama peni ya Philadelphia ilivyoonyesha, hivyo mtoa fedha hana hamu nayo. Asiye na hamu nayo hana sababu ya kulitunza jina lake. Anayelitunza ni yule ambaye bila kipande hicho hawezi kununua wala kuuza.

Jina likishakabidhiwa watu, linashika thamani wanayoihitaji hata kama mfumo mzima umeondolewa chini yake. Ushahidi bora ni thumuni. Maana yake ni sehemu ya nane, na ilikuwa sehemu ya nane ya riale. Riale ilikuwa sawa na rupia mbili na kidogo, kwa hiyo thumuni ilikaribia robo rupia. Serikali ya kikoloni ilipoleta shilingi mwaka 1921, rupia moja ilihesabiwa kuwa shilingi mbili, na robo rupia ikawa senti hamsini. Basi sarafu ya senti hamsini ikaitwa thumuni, au sumuni kama wengi walivyoitamka, na imeitwa hivyo Kenya na Tanzania kwa miongo mingi, ingawa senti hamsini ni nusu ya shilingi na si sehemu ya nane ya kitu chochote kilichomo katika mfumo wa shilingi. Ukiyatazama maandishi ya sheria utaona mifumo mitatu isiyohusiana. Ukiutazama mkono wa mnunuzi utaona kiasi kimoja kisichobadilika, chenye jina moja, kilichopita katika tawala tatu. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa peni: Wakenya walilitoa jina hilo kwa sarafu ya senti kumi, kwa kuwa senti kumi zilikaribia peni ya Kiingereza, na ya senti tano wakaiita ndururu.

Nguvu ya majina hayo inaonekana pia katika usafiri. Nauli ya magari madogo ya abiria ya Nairobi ilipokuwa senti thelathini, abiria alitoa sarafu tatu za senti kumi, na kwa Kikuyu akazitaja kuwa mang'otore matatu. Kutokana na hizo tatu likazaliwa jina matatu. Dar es Salaam sarafu ya shilingi tano iliitwa dala, kwa kufuata dola, na mabasi ya watu binafsi yaliyoruhusiwa rasmi mwaka 1983 yalitoza nauli hiyo, makondakta wakaitangaza kwa sauti vituoni, na magari yakaitwa daladala. Nauli hizo hazipo tena. Sarafu zenyewe ama zimeondoka ama hazinunui chochote cha maana. Hata hivyo nchi mbili zinaendelea kusafiri ndani ya majina ya chenji. Hakuna ofisi iliyoyachagua. Yaliibuka pale ambapo kiasi fulani kilitajwa mara elfu kwa siku na watu waliokuwa na haraka, na hilo ndilo sharti la kwanza ninalotaka lishikwe na yeyote anayetafuta jina: kiasi kinachostahili jina ni kile kinacholipwa mara kwa mara, kama nauli, kikombe cha chai au kibaba cha unga.

Sharti la pili linatokana na kosa. Mwaka 1905 Waingereza waliamua kwamba rupia ya himaya zao za Afrika Mashariki na Uganda itakuwa na senti mia, na kuanzia 1907 sarafu zenye tundu katikati zikaingia mikononi. Mwaka 1920 rupia iligeuzwa florini, nayo ikawa na senti mia. Haikupita hata miaka miwili, florini ikaachwa na shilingi ikawa msingi, nayo pia ikagawanywa katika senti mia. Sasa senti ya rupia au ya florini ilikuwa sawa na senti mbili za shilingi. Jina lilikuwa lile lile, neno lililochorwa kwenye chuma lilikuwa lile lile, na thamani ilikuwa imekatwa katikati. Mwenye akaunti ya benki hakupata shida, maana karani alimgeuzia mizania. Aliyekuwa na senti zenyewe kwenye kibuyu au kwenye pindo la nguo, mara nyingi akiwa amezikusanya ili alipe kodi, ndiye aliyelazimika kujiuliza alicho nacho ni nini. Kutokana na hilo naona kanuni iliyo wazi: jina moja lisibebe thamani mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu anayelipia utata huo ni mwenye vipande vidogo.

Fedha ya kidijitali imeingia Afrika Mashariki kwa mlango wa majina hayo ya zamani. Safaricom ilipozindua huduma yake tarehe 6 Machi 2007 iliiita M-Pesa, na mwaka uliofuata ikafika Tanzania kwa jina hilo hilo, kwa hiyo shaba ya Barghash ndiyo iliyotoa jina la mfumo ambao familia ya Kenya iliyo Crystal inautegemea kupeleka ada ya shule nyumbani. Ndani ya mfumo huo vipande vidogo vilipata majina haraka, na kwa njia ile ile ya zamani. Mtanzania huomba arushiwe vocha ya jero, yaani ya shilingi mia tano, hununua bando la buku akimaanisha la elfu moja, na anayetuma fedha huambiwa aweke na ya kutolea, ili ada ya wakala isimpunguzie mpokeaji. Mkenya husema mbao kwa shilingi ishirini na soo kwa mia, na anahesabu kwa bob, jina la mtaani la shilingi ya Kiingereza ambayo Uingereza yenyewe iliiacha mwaka 1971. Senti zimetoweka katika mazungumzo hayo bila kuagwa, kwa kuwa hakuna bando wala nauli inayozihitaji.

Bitcoin ilikuja na tatizo la upande mwingine. Jina la fedha kubwa lilikuwapo tangu mwanzo, na kati yake na kipande cha mwisho kuna sifuri nane zisizo na kituo. Mwaka 2010 lilipendekezwa jina la satoshi, kwa heshima ya mbunifu ajulikanaye kama Satoshi Nakamoto, litumike kwa sehemu ya mia. Muda si mrefu likashuka mpaka kwenye sehemu ya milioni mia, kipande kidogo kuliko vyote, na huko ndiko lilikotulia. Desemba 2017 Jimmy Song aliandika pendekezo rasmi kwamba sehemu ya milioni moja, sawa na satoshi mia, iitwe bit. Mwaka 2025 John Carvalho akapendekeza jambo kubwa zaidi: kipande kile cha mwisho chenyewe kiitwe bitcoin, na desimali zifutwe. Wakati huo huo, huko Kibera jijini Nairobi, wapo waendesha bodaboda, wauza mboga na wazoa taka wanaopokea na kulipa kwa satoshi kupitia simu zao. Kwa hiyo suala limekwisha kufika kwa wale wale ambao katika kila mfumo uliopita ndio waliothibitisha jina.

Ukiyapima mapendekezo hayo kwa masharti mawili niliyoyataja, matokeo yanatofautiana. Satoshi ina faida isiyotegemea hadhi ya mtu inayemkumbuka. Inatamkika kwa Kiswahili bila kuongezewa wala kupunguziwa herufi, inakaa na pesa na senti katika ngeli moja, na mtu anaweza kusema satoshi mia tatu zimeingia bila ulimi kukwama. Bit ina ugumu zaidi. Katika kompyuta biti tayari ni kipimo cha taarifa, na mitaani Tanzania kupiga biti ni kumtisha mtu. Pendekezo la 2025 ndilo linalonitia hofu. Hoja yake ina msingi, kwamba namba nzima humwelea mtu kuliko desimali, na pwani iliyohesabu kwa thumuni haiwezi kulikana hilo. Lakini linalipa jina moja thamani mbili zinazotofautiana mara milioni mia, wakati kumbukumbu, mikataba na mazungumzo ya miaka kumi na sita yanatumia thamani ya kwanza. Senti ya 1921 ilitofautiana mara mbili tu na ikatosha kuwachanganya watu. Tapeli hahitaji zaidi ya hapo: atamwuzia mtu bitcoin moja, na maneno yake yatakuwa kweli.

Kuna pingamizi tatu zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza inasema kwamba historia niliyoisimulia inathibitisha kinyume cha hoja yangu, kwa kuwa pesa, heller, senti na shilingi zote zililetwa na watawala, na watu walizipokea tu. Ni kweli kwamba sauti za majina hayo zilitoka juu. Ila watawala walileta mengine pia. Florini ilikuwa na sheria, sarafu na noti, na haikudumu. Mil ya Marekani ina zaidi ya miaka mia mbili katika sheria na haitajwi dukani. Amri inaweza kulileta neno mbele ya watu. Haiwezi kuamua kama litatumika, wala litamaanisha nini likishatumika. Serikali ya Ujerumani ilitaka heller iwe sehemu ya mia ya rupia, na Watanzania wakaifanya hela kuwa fedha yote. Anayechagua jina anapaswa kujua mipaka ya uwezo wake, na kuchagua jina linaloweza kuishi baada ya kunyang'anywa.

Pingamizi ya pili ni kwamba simu inajua hesabu. Programu inaweza kumwonyesha muuzaji shilingi na mnunuzi dola, mmoja akiwa Kisii na mwingine Crystal, na vipande vya katikati visionekane na yeyote. Majina ya nini? Narayana Kocherlakota, aliyekuja baadaye kuiongoza Benki ya Hifadhi ya Minneapolis, aliandika mwaka 1996 katika benki hiyo kwamba kazi ya fedha ni ile ya kumbukumbu: inaonyesha nani ametoa nini na nani amepokea. Nakubaliana naye, na ndiyo sababu siwezi kukubali kwamba kumbukumbu hiyo iachwe kwa mashine peke yake. Bei hutamkwa kabla ya kuandikwa. Deni huahidiwa kwa mdomo, punguzo huombwa kwa mdomo, na mtoto hutumwa dukani kwa mdomo. Mtu asiyeweza kulitaja deni lake kwa neno fupi hawezi kulisimamia mbele ya mwenzake, na akikosea sifuri moja kwenye kioo cha simu hana sikio la kumshtua. Jina ndilo linalomwezesha mnunuzi kukagua kazi ya mashine. Hata pale programu inapobadili kila kitu kuwa shilingi, wenye kujua kiwango halisi ni wenye kujua jina la kipimo cha chini, na sioni haki katika mfumo unaowaachia elimu hiyo wachache.

Pingamizi ya tatu hutolewa na wapenzi wa usanifu. Majina ya mitaani hayana mpangilio, hutofautiana kati ya Mombasa na Mwanza, na mfumuko wa bei huyafagia, kama ulivyoifagia ndururu na thumuni. Si bora Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967 kwa kazi za namna hii, litunge istilahi zilizonyooka kwa mikro na mili, zikafundishwa shuleni? Istilahi zinahitajika kweli kweli katika sheria, hati za benki na vitabu vya shule, na huko usahihi unashinda wepesi. Ila jina linalotaja uwiano huufunga uwiano huo, na soko huhama. Thumuni na ssente ziliweza kuhama kwa sababu wasemaji hawakusikia tena sehemu ya nane wala sehemu ya mia ndani yake. Kuhusu mfumuko wa bei, majina hufa pale kiasi chake kinapokosa kununua kitu, na ni sawa yafe, maana jina la kiasi kisichonunua kitu ni mzigo. Kazi nzuri ya Baraza ingekuwa kusikiliza kwanza masoko ya Kibera, Kariakoo na Darajani, kuandika yanayosemwa, kisha kuyapa hadhi yale yaliyokwisha kuonyesha kwamba yanaweza kazi.

Kwa hiyo nasema wazi nini kifanywe. Wajenzi wa mifumo ya fedha za kidijitali wanaotaka kutumiwa na wasemaji wa Kiswahili waishike satoshi kama jina la kipande cha mwisho na wasilihamishe tena jina la bitcoin. Hatua za kati waziache bila jina mpaka zipatikane bei zinazozihitaji: nauli, bando, kikombe cha chai; na jina likiibuka huko, walionyeshe kwenye programu zao kama linavyosemwa. Kila stakabadhi iandike kiasi kwa namba nzima pamoja na jina, ili asomaye na asikiaye wapate taarifa moja. Wanaotuma fedha kutoka Minnesota nao wadai hivyo kwa kampuni wanazozilipa, kwa kuwa upande wa pili wa muamala wao yuko mtu anayehesabu vipande vidogo. Watu wa pwani walipewa riale, rupia, florini na shilingi na wageni, na kutokana na vyote hivyo wakajitengenezea lugha ya fedha iliyowatosha kununua, kukopa, kulipa na kusafiri. Walifanya hivyo kwa sababu sarafu zilipita mikononi mwao na waliweza kuzitaja wapendavyo. Fedha isiyoshikika inawanyima mkono. Isiwanyime na ulimi.